Ni dawa au ndo nilivyo?

Kila nikienda kliniki kuna swali lazima niulizwe, "ukijilinganisha na kabla hujaumwa, kumbukumbu ikoje?" na kila mara nabaki nimetumbua macho tu, manake kabla ipi sasa? Kansa ya damu ilinikuta bado niko shule, sijawahi kuajiriwa, sijawahi kulipa kodi ya nyumba, hata asubuhi nilikuwa naamshwa na mama. Mtu akiugua ana miaka 50 anayo historia yake, anakwambia mi nilikuwa nashika namba za wateja wote kichwani leo hata ya mke wangu siijui, hapo kila mtu anaelewa kuna kitu kimepungua. Sisi wa huku katikati (madaktari wanatuweka fungu moja kuanzia miaka 15 mpaka 39, fungu la ajabu kweli, mwenye mtihani wa shule na mwenye watoto watatu wako humo humo) wengi wetu ugonjwa umetukuta bado tunajijenga. Nyumba ambayo haijaisha ukikuta ina ufa utajuaje kama ni tetemeko au ndo fundi alivyoiacha?

Basi hicho ndo kinanisumbua, kuliko hata kusahau kwenyewe.

Na kusahau kwenyewe ngoja niseme kukoje, kwa sababu watu wakisikia hivyo wanafikiria napotea njia ya kurudi nyumbani. Hapana. Mambo ya zamani nakumbuka mpaka rangi ya nguo uliyovaa. Shida ni kushika kitu kidogo kwa dakika moja huku nafanya kingine. Chukua zile namba sita za kuthibitisha zinazotumwa kwenye simu ukitaka kuingia kwenye akaunti. Wenzangu wanazitupia jicho mara moja wameshaandika. Mimi nasoma tatu, narudi kuandika, nimeandika mbili ya tatu imeshayeyuka, nafungua tena meseji, nazisoma zote kwa sauti, nikirudi naambiwa muda umeisha omba namba nyingine. Siku hizi naziandika kiganjani kwa kalamu. Mdogo wangu ananicheka, na mimi nacheka pia, siku nyingine kweli siku nyingine kwa kulazimisha.

Maongezi ya watu wengi nayo. Tukiwa wawili niko fiti kabisa, wakifika wanne wanaanza kukatizana, mi bado nipo kwenye sentensi ya kwanza wao wameshacheka na mada wamehama, na lile jibu langu zuri linafika wakati hamna tena anayelihitaji. Wanasema eti ugonjwa umenifanya mpole. Sijawa mpole jamani, nachelewa tu.

Nimesoma sana kuhusu hili, taratibu, aya moja hata mara tatu. Kansa yangu ina tabia ya kwenda kujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, na dawa nyingi zinazopita kwenye damu hazifiki huko vizuri, kwahiyo unachomwa sindano ya mgongo dawa iingie moja kwa moja kwenye yale maji yanayozunguka ubongo. Mara nyingi dawa yenyewe ni methotrekseti. Zamani, miaka ya 70, watoto wenye kansa hii walikuwa wanapigwa mionzi ya kichwa kama kinga, wakapona wengi ila wakaja kuhangaika darasani, na waliopigwa wakiwa wadogo zaidi ndo walioathirika zaidi. Mwaka 2009 hospitali ya St. Jude kule Memphis, Marekani, ikatoa matokeo kwamba dawa zikipangwa vizuri hiyo mionzi ya kinga unaweza kuiacha kabisa. Mi nimeangukia upande wa sindano, namshukuru Mungu, lakini sindano nazo zina gharama yake.

Methotrekseti inazuia seli zisitumie foleti (aina ya vitamini B), na seli bila foleti haigawanyiki, ndo inavyoiua kansa. Sasa ubongo nao unaihitaji foleti hiyohiyo. Timu ya Michelle Monje, daktari na mtafiti wa ubongo pale chuo kikuu cha Stanford, Marekani, ilichapisha utafiti wa panya mwishoni mwa 2018, wakaonyesha kwamba dawa hii inaziamsha seli za ulinzi za ubongo na zinabaki zimeamka muda mrefu hata baada ya dawa kuisha, halafu zile seli za kutengeneza mayelini, yaani utando wa mafuta unaozifunika neva ili taarifa zipite haraka, zinashindwa kukomaa inavyotakiwa. Panya sio mtu, najua. Ila nilipofika pale kwenye "zipite haraka" nikairudia ile sentensi mara kadhaa na safari hii sio kwa sababu nilikuwa nimeisahau. Ukiongeza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga mambo na kujizuia na kushika vitu viwili kwa pamoja, inaendelea kukomaa mpaka mtu anaingia miaka ya ishirini na kitu, basi unaona kabisa dawa zimepita wakati mafundi bado wako ndani.

Halafu hata hivyo huwezi kusema ni dawa hiyo tu. Deksamethasoni, ile dawa ya steroidi niliyokuwa napewa pamoja na zingine, ilikuwa inaninyima usingizi na kunipa hasira ambazo sijui zilitoka wapi. Damu ilikuwa chini. Mawazo. Shule niliyoikosa miezi na miezi, kuna vitu wenzangu wanavijua mi sivijui kwa sababu sikuwepo siku vilipofundishwa, sio kwa sababu nimevisahau. Nani atanitenganishia hapo? Rafiki yangu mmoja wa wodini yeye ilikuwa uvimbe kwenye ubongo wenyewe, kapasuliwa, kapigwa mionzi kichwa na mgongo wote, mzigo wake ni mzito kuliko wangu mara nyingi sana, lakini yeye akibishiwa ana picha ya skani ya kuonyesha. Kuna siku namwonea wivu hiyo picha. Ni wivu wa kijinga, ila upo.

Mimi nilichonacho ni ripoti ya vipimo. Unakaa na mwanasaikolojia wa mambo ya ubongo masaa kadhaa, unasomewa orodha ya maneno uyarudie, kisha unaulizwa tena baadaye ukiwa umeshachoka, unaambiwa taja maneno mengi uwezavyo yanayoanza na herufi fulani ndani ya dakika moja, unaunganisha kwa kalamu 1 na A, 2 na B, 3 na C bila kuinua mkono. Hiki cha kuunganisha kinaonekana cha watoto wadogo mpaka ufike kwenye 6 usikumbuke herufi iliyofuata. (Hivi vitatu, orodha, herufi na kuunganisha, ndivyo jopo la kimataifa la wataalamu wa kansa na ubongo lilipendekeza 2011 watafiti wavitumie, kwahiyo hukuonewa, wengi wanavipitia.) Ripoti yangu ilisema akili iko kawaida, kasi iko chini, na kumbukumbu ile ya kushikilia kitu ukiwa unakifanyia kazi iko chini.

Nilifurahi mno siku ile, nikapiga simu nyumbani kabisa. Mama akasikia "akili kawaida" akashusha pumzi, mengine hakuyasikia. Na sio mama tu, hata ofisi ya chuo iliona neno hilohilo la kwanza. Tena kumbuka kile chumba cha vipimo kimya, mnaongea wawili, simu imezimwa, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu anayeishi hivyo kila siku namjua? Simjui. Mimi naona kama kasi yangu iko chini mle ndani basi nje ya mle ndani ni chini zaidi, na hakuna karatasi ya kupima hiyo.

Ndugu sasa. Shangazi anasema "hata mimi nasahau mwanangu, ni umri," akiwa na miaka yake sitini na kitu. Marafiki wanasema sisi sote tunasahau bwana, simu zimetuharibu. Mama akitaka kunifariji anasema tangu mtoto ulikuwa hivyo, ukitumwa vitu viwili unaleta kimoja. Yeye anaona amenipa moyo! Mi nalala nawaza kama ni kweli basi nilikuwa hivi hivi, na kama si kweli basi hata aliyenizaa hakumbuki nilivyokuwa. Nawavumilia zaidi wanaoniuliza kuhusu nywele.

Chuoni niliomba muda wa ziada kwenye mtihani, mhadhiri mmoja akaniangalia juu mpaka chini akasema mbona uko mzima. Baada ya barua na barua nikapewa. Maksi zikapanda, na sikuwa nimesoma zaidi, nilikuwa namaliza kuandika tu. Kuna mwenzetu akanung'unika kwamba ni upendeleo, nikamwambia basi chukua na sindano zake. Nadhani nilimjibu haraka kuliko kawaida yangu hahaha.

Dawa ya hili hamna, nimeuliza. Kuna wanaopewa zile za kusaidia umakini, wengine zinawafaa wengine hazifai. Kuna programu za mazoezi ya ubongo kwenye kompyuta, tafiti zingine kwa watoto waliopona zimeonyesha kumbukumbu ya muda mfupi inapanda, mimi nilipanda ngazi za ule mchezo na bado nikaacha ufunguo mlangoni kwa nje. Kinachonisaidia ni vitu visivyo na sifa yoyote, kulala, kutembea kwa miguu, kuandika hapohapo kabla mtu hajamaliza kuongea, na mambo magumu yote kuyafanya asubuhi kwa sababu ikifika saa tisa mchana kichwa kimefunga duka.

Na kuna mtu. Sitasema sana. Tulijuana nikiwa nimeshamaliza matibabu, nywele zimeshaota, kwahiyo hana yule wa zamani wa kunilinganisha naye. Nilimweleza haya yote nikitegemea ataniuliza kama nitarudi kuwa sawa, akaniuliza kama ni sawa akinitumia meseji badala ya sauti. Nikamwambia ndio, na jambo moja kwa meseji moja. Mpaka leo anatuma sauti za dakika nne, anasema samahani nimesahau.