Siku za vinyoya pale La Chapelle

Kutoka Gare du Nord hadi ukumbi wa badminton ni mwendo mfupi. Unapanda treni ya chini ya ardhi namba 4, unapita Barbès-Rochechouart, unapita Château Rouge ambako watu hupanda na kushuka na mifuko mizito ya sokoni, kisha unabadilisha Marcadet-Poissonniers na kuingia namba 12. Kituo cha pili ndicho Porte de la Chapelle. Katika majira ya Olimpiki ya 2024 tiketi moja ilikuwa euro 4, karibu mara mbili ya bei ya kawaida ya euro 2.15. Nilikuwa nimeshalipa fedha nyingi zaidi kwa tiketi za mashindano, kwa hiyo hilo halikunisumbua.

Château Rouge ndipo alipoingia mama mmoja wa makamo mwenye kitenge cha buluu. Alinisikia nikizungumza kwenye simu, akanigeukia kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Mwanangu, unaenda wapi na hiyo bendera ya Olimpiki shingoni?"

"Shikamoo mama. Naenda kutazama vinyoya, mchezo wa wanaume mmoja mmoja."

"Marahaba. Na kuna mtu wetu huko?"

Ikabidi nimweleze ukweli. Afrika iliwakilishwa na Anuoluwapo Juwon Opeyori wa Nigeria na Julien Paul wa Mauritius, na wote wawili walikuwa wameishia kwenye makundi. Utaratibu wa Olimpiki ni mkali: wachezaji hugawanywa katika makundi ya watu watatu au wanne, na mshindi wa kundi peke yake ndiye anayevuka. Hakuna nafasi ya pili. Anthony Ginting wa Indonesia, mwenye medali ya shaba ya Tokyo, alitolewa hatua hiyo na Mfaransa Toma Junior Popov. Jonatan Christie, mwenzake, naye alitolewa palepale, mikononi mwa Lakshya Sen wa India. Mama alisikiliza kwa makini, akasema kama hao wakubwa wameondoka basi vijana wetu wasionewe haya, wakaze tu. Tukaagana Marcadet. Nakubaliana naye kabisa. Kufika Olimpiki katika mchezo huu ukitokea bara ambalo lina mashindano machache makubwa ni kazi ya miaka ya kusafiri na kutafuta pointi za dunia, na wanaofanya hivyo wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mpya kabisa, ulifunguliwa Februari 2024. Siku za kawaida unaitwa Adidas Arena, lakini wakati huo Olimpiki haikuruhusu majina ya wafadhili viwanjani, hivyo mabango yote yalisomeka jina la mtaa. Ndiyo sehemu pekee kubwa ya michezo iliyojengwa ndani ya jiji la Paris lenyewe kwa ajili ya michezo ile. Viti vimetengenezwa kwa plastiki iliyotumika na kuyeyushwa upya, na ukikitazama chako kwa karibu unaona madoa ya rangi mbalimbali yaliyobaki.

Nilifika kwa robo fainali, Ijumaa ya tarehe 2 Agosti. Nianze na jambo ambalo televisheni imetuficha kwa miaka yote. Kamera huwekwa juu, nyuma ya mchezaji mmoja, na uwanja unaonekana umebanwa, kana kwamba mtu anaweza kuufunika kwa hatua mbili. Ukikaa ubavuni ndipo unapouona urefu wa mita 13.4 ulivyo. Mchezaji anakimbia kutoka kwenye wavu hadi mstari wa nyuma, anaruka, anapiga, anatua, na kabla mguu haujatulia anatakiwa awe amerudi mbele. Halafu mara nyingine. Halafu mara ya ishirini. Unasikia soli za viatu zikilia sakafuni na unamsikia mtu akihema. Kinyoya chenyewe, manyoya 16 ya bata bukini yaliyochomekwa kwenye kizibo, uzito kati ya gramu 4.74 na 5.50, hutoka kwenye raketi kwa kasi isiyofuatika kwa jicho na sekunde hiyohiyo kinapoteza nguvu na kuanza kuelea. Hapo ndipo mchezo ulipo. Watu huja kutazama smeshi, yaani pigo la nguvu la kushusha kinyoya kutoka juu. Mimi naamini mechi za mmoja mmoja huamuliwa na mapigo mawili ambayo hakuna anayeyashangilia: lile la kuangusha chapuchapu nyuma ya wavu, na lile la kunyanyua juu sana hadi mstari wa mwisho.

Kunlavut Vitidsarn wa Thailand alinithibitishia hilo siku ya kwanza. Mpinzani wake alikuwa Shi Yuqi wa China, namba moja wa dunia wakati huo. Vitidsarn ni kijana wa 2001, aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana mara tatu mfululizo na bingwa wa dunia wa wakubwa mwaka 2023, lakini ukimwona akitembea kuelekea uwanjani huwezi kuogopa. Hana makeke. Anarudisha. Unapiga kulia, kinarudi. Unapiga kushoto kwa nguvu zako zote, kinarudi, tena kimewekwa mahali pabaya. Shi alifungwa 21-12, 21-10. Nilitazama mabega ya Mchina yakishuka pointi baada ya pointi, na sikumwona Vitidsarn akipandisha sauti hata mara moja.

Siku hiyo Viktor Axelsen wa Denmark alimtoa Loh Kean Yew wa Singapore 21-9, 21-17, Lee Zii Jia wa Malaysia akamtoa Anders Antonsen, na Sen akatoka nyuma na kumshinda Chou Tien-chen 19-21, 21-15, 21-12. Kwa ushindi huo Sen akawa Mhindi wa kwanza kufika nusu fainali ya wanaume mmoja mmoja katika Olimpiki, na ukumbi ulilijua hilo.

Jumapili ya nusu fainali nilishuka Marx Dormoy, kituo kimoja kabla, nitembee Rue de la Chapelle kwa miguu. Barabara hiyo ilitengenezwa upya kabla ya michezo na kupandwa miti. Kuna kanisa la kale kando yake, Saint-Denys de la Chapelle, ambalo wenyeji husema Jeanne d'Arc alisali humo mwaka 1429. Kuelekea ukumbini rangi tatu za India zilikuwa kila kona, usoni mwa watoto, mabegani mwa wazee. Mtaa wa Waasia Kusini wa Paris uko jirani tu, kuelekea Gare du Nord. Wadenmark nao walikuwa wengi, jezi nyekundu na misalaba myeupe.

Asubuhi hiyo ukumbi ulipata pigo kwanza upande wa wanawake. Carolina Marín wa Hispania, bingwa wa Rio 2016 aliyekosa Tokyo kwa sababu ya goti, alikuwa ameshinda seti ya kwanza dhidi ya He Bingjiao na anaongoza ya pili, goti likaachia tena. Alijaribu kuendelea, akashindwa, akapiga magoti sakafuni na kulia. Kesho yake He Bingjiao alipanda jukwaani kupokea medali ya fedha akiwa ameshika beji ndogo ya Hispania mkononi. Nimeona michezo mingi. Heshima ya namna ile sijaiona mara nyingi.

Sasa Axelsen na Sen. Hii ndiyo mechi iliyonipeleka Paris bila mimi kujua. Axelsen ana urefu wa sentimita 194. Akinyoosha mkono na raketi, kinyoya anakikuta mahali ambapo wengine wanakitazama tu, na smeshi yake inashuka kwa pembe kali sana. Alikuwa bingwa mtetezi, mwenye dhahabu ya Tokyo na shaba ya Rio, aliyeutwaa ubingwa wa dunia 2017 na 2022. Sen ni mfupi zaidi, mwepesi, na siku zile alikuwa akicheza kwa ujasiri: katika mechi ya Christie alirudisha kinyoya kimoja kwa kupitisha raketi nyuma ya mgongo wake.

Seti ya kwanza kijana wa India akafika 20-17 mbele. Nafasi tatu za kuchukua seti kwa pointi moja tu, dhidi ya mtu ambaye hakuwa amepoteza seti hata moja katika michezo hiyo. Wahindi walisimama wote. Mzee wa Kidenmark aliyeketi kulia kwangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akinisimulia historia ya mchezo, alinyamaza na kushika magoti yake.

Nilichokiona katika pointi tano zilizofuata ndicho ninachotaka kukisema katika simulizi hii yote. Axelsen hakuongeza nguvu. Alipunguza. Alianzisha kwa pigo fupi, akasogea, akamlazimisha Sen apige kutoka chini. Sen alikuwa na haraka ya kumaliza, na haraka hiyo ilionekana miguuni kabla ya kuonekana kwenye raketi: alifika mapema mno, akapiga kabla mwili haujatulia. 20-18. 20-19. 20-20. Mzee wa kulia kwangu akavuta pumzi. 21-20 kwa Axelsen. 22-20.

Seti ya pili Sen alianza kwa kuongoza 7-0. Saba bila! Mtu mwingine angedhani mechi imegeuka. Kuanzia hapo hadi mwisho Axelsen alipata pointi 21 na Sen 7, ikaisha 21-14. Baadaye Axelsen mwenyewe alimsifu hadharani kijana yule na kusema ana nafasi kubwa ya dhahabu miaka minne ijayo. Kwa macho yangu hiyo ndiyo ilikuwa fainali ya mashindano, ingawa ratiba iliiweka mapema. Sen ndiye mtu pekee aliyefika umbali wa pointi moja tu kumnyang'anya Axelsen seti.

Upande wa pili Vitidsarn alimaliza kazi na Lee Zii Jia 21-14, 21-15, kimyakimya kama kawaida yake.

Jumatatu alasiri ilianza na mechi ya shaba, na sikuwa nimejiandaa kwa uchungu wake. Sen alichukua seti ya kwanza 21-13. Ya pili aliongoza 8-3. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kwenye kiwiko na ulikuwa ukivuja damu. Mchezo ulisimama mara kadhaa ili afungwe upya na sakafu ipanguswe. Kila kusimama kulikuwa kukimpa Lee nafasi ya kutulia. Malaysia imeisubiri dhahabu ya mchezo huu kwa muda mrefu: Lee Chong Wei alifika fainali tatu mfululizo, 2008, 2012 na 2016, na zote akatoka na fedha. Mzigo huo wanaurithi wote wanaomfuata. Lee Zii Jia aliubeba vizuri siku ile. Alishinda 21-16, kisha 21-11, akaanguka chini, na mashabiki wa Malaysia walioshangilia walikuwa na machozi. Sen alikaa kwenye kiti chake, taulo kichwani, muda mrefu baada ya wengine kuondoka.

Fainali yenyewe haikuwa na mashaka. Vitidsarn alijaribu kurudisha kila kitu, kama alivyomfanyia Shi, lakini Axelsen alikuwa tayari kusubiri kuliko yeye. Hapo ndipo nilipoelewa ubora wake. Watu humsema kwa urefu na smeshi, na vyote anavyo, lakini alimshinda mtu wa subira kwa subira. 21-11, 21-11. Hivyo akawa mwanaume wa pili kutetea dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wa mmoja mmoja, baada ya Lin Dan wa China, wa 2008 na 2012. Vitidsarn aliondoka na fedha, medali ya kwanza kabisa ya Thailand katika badminton ya Olimpiki, na kwa Wathailand waliokuwa nyuma yangu ilikuwa kama wameshinda.

Mzee wa Kidenmark alinishika mkono. Mwaka 1996, aliniambia, alimtazama Poul-Erik Høyer Larsen akichukua dhahabu ya Atlanta kwenye televisheni ndogo, na tangu siku hiyo alijiahidi kwamba Mdenmark mwingine akifika fainali atajitahidi kuwepo. Tokyo haikuwezekana kwa sababu mashabiki hawakuruhusiwa kuingia. Sasa alikuwepo. Tulitoka pamoja hadi kwenye milango ya treni, akiniuliza maswali juu ya Opeyori na Paul, wanafanyia wapi mazoezi, nani anawalipia safari. Niliyoyajua nilimjibu.

Agosti 2025 ubingwa wa dunia ulirudi Paris, kwenye ukumbi uleule. Vitidsarn alifika fainali tena na kuchukua seti ya kwanza 21-19. Aliyekuwa ng'ambo ya wavu ni Shi Yuqi. Safari hii Shi hakuinamisha mabega: alishinda 21-10, kisha 21-18, na ubingwa wa dunia ukawa wake.