Jinsi nilivyomfanya mbwa wangu mzee ameze dawa bila kuitema

Simba ana miaka 12 na anaishi na kifafa. Anatakiwa ameze fenobabito, dawa ya kuzuia degedege, kila baada ya saa 12. Dozi zikirukwa, degedege hurudi. Mwezi uliopita ilirudi mara mbili ndani ya wiki moja. Nilipofagia chini ya kochi nikakuta vidonge vinne vimekaukia sakafuni. Moyo ulinishuka. Nikamweleza daktari wa mifugo kuhusu dozi zilizopotea.

Nilikificha kidonge kwenye nyama. Akala nyama, kidonge akakiacha bakulini. Nikakisaga kwenye mchuzi, ukawa mchungu, akasusa chakula chote. Kumpanua mdomo kwa nguvu sirudii tena: alianza kujificha kila nikifungua kabati, na mzee kama yule hastahili kuniogopa.

Kilichosaidia ni matonge matatu madogo ya ugali na maini yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. La kwanza halina kitu. La pili ndilo lenye kidonge. La tatu namwonyesha kabla hajamaliza la pili, naye hulimeza upesi ili alifikie.

Hata hivyo, siku mbili za mwanzo alilinusa la pili akalitema. Shida ilikuwa vidole vyangu: nilishika kidonge, kisha nikaviringa tonge kwa mkono uleule, harufu ikabaki nje. Sasa kidonge nakisukumia ndani kwa mkono wa kushoto, tonge nalifunga kwa wa kulia.

Leo ni siku ya 23 bila degedege. Saa 1 asubuhi anakuja jikoni mwenyewe, polepole, mkia ukigonga mlango wa kabati.