Mzuka wangu alikuwa hai

Mswada wa kwanza niliutupa ukiwa umefika kurasa 40. Nilitaka hadithi ya kutisha juu ya ukoo wa kimwinyi uliobaki Urusi baada ya mapinduzi ya 1917, nikaweka yale yale: jumba tupu, mshumaa, mlango unaojifungua. Rafiki yangu anayesomea historia akanirudishia na swali moja: "Moscow ya 1919, jumba tupu la nani?"

Nikarudi kusoma. Agosti 1918 Wabolsheviki, waliotwaa madaraka katika mapinduzi hayo, walifuta umiliki binafsi wa nyumba katika miji mikubwa. Familia za wafanyakazi zikahamishiwa kwenye majumba ya matajiri, mwenyewe akabaki na chumba kimoja, akiwa na bahati. Kumbe nilihangaika miezi mizima kulinyamazisha jumba ambalo jikoni kwake watu walipanga foleni!

Basi mzuka nikamfanya bibi mwenye jumba, mzima wa afya, anayenyata usiku koridoni kwenye nyumba aliyozaliwa, asije akaamsha wapangaji. Vyeo vya mamwinyi kama yeye vilifutwa Novemba 1917, na mitaani waliitwa "watu waliokuwa". Jina hilo tu lilinitosha.

Sehemu niliyoifurahia zaidi ni ya burzhuika, jiko dogo la chuma walilolilisha viti, mbao za sakafu, hata vitabu. Bibi huyo anachoma maktaba ya marehemu babake kuanzia vitabu vya sheria. (Mimi pia ningeanza na hivyo.) Nilipotaka kumhamishia mnarani niliona nimeongeza chumvi, mpaka niliposoma habari za Pavel Sheremetev, mtoto wa ukoo mkubwa, aliyeishi na mke na mwanawe ndani ya mnara wa monasteri ya Novodevichy, Moscow. Bibi akapanda ngazi.

Kosa moja nusura linivunje moyo. Mumewe nilimkamatisha tarehe 5 Februari 1918, na nchini Urusi siku hiyo haikuwepo: walibadili kalenda, 31 Januari ikafuatwa na 14 Februari. Nilishika kalamu niifute, nikasita. Nikaiacha. Sasa bibi anazunguka ofisi hadi ofisi akiulizia mtu aliyechukuliwa tarehe 5, na kila karani anamfungulia daftari, anamwonyesha kwa kidole: mama, siku hiyo haipo.