Alichokalia Raheli

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Juma hili nimekaa na Mwanzo, sura ya 29 hadi 31. Sisi wa huku kusini mwa Tanzania habari hii inatuingia kwa namna yake, kwa sababu wazee wetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno. Yakobo anakimbilia kwa Labani, kaka wa mama yake. Anakutana na Raheli, binti wa mjomba, kisimani, anampenda, anakaa hukohuko ukweni kufanya kazi. Mzee wa Newala akisomewa hapo haulizi swali.

Kumbe mjomba ana lake moyoni. Miaka 7 ambayo Yakobo aliiona kama siku chache, kwa jinsi alivyompenda Raheli, inaishia asubuhi anapomkuta Lea, dada mkubwa wa Raheli, aliyeletwa badala yake. Akatumika 7 mingine, kisha 6 kwa ajili ya mifugo, na ujira ukabadilishwa mara 10. Tunamhurumia, na ni haki, ingawa naye alifika huko akitoka kumdanganya baba yake asiyeona.

Mimi nimekwama kwa mabinti. Katika 31:14 wanauliza kama bado wana fungu lolote katika nyumba ya baba yao, au amekwisha kuwafanya wageni, akawauza na fedha akaila. Raheli ndiye aliyechunga kondoo wale! Kisha anaiba vinyago vya baba yake, anavificha chini ya matandiko ya ngamia, anaketi juu yake. Labani anapekua mahema yote. Yakobo, asiyejua kitu, amekwisha kutamka kwamba atakayekutwa navyo asiishi. Sioni mahali Biblia inaposema Raheli alimwambia mumewe.

Babu yetu alipofariki aliacha mikorosho. Kwenye kikao cha ukoo wapwa zake walidai kwa mila, baba na baba wadogo wakadai kwa jasho lao. Shangazi, aliyepuliza salfa, dawa ya mikorosho, miaka yote na kuinama kuokota korosho msimu hadi msimu, akauliza kwa sauti ndogo: "Na mimi je?" Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko upande wake, haikubali mila ya kumnyima mwanamke ardhi. Lakini pale mkekani wanaume walitazama chini, nami nikiwa mmoja wao.

Halafu mzee mmoja akauliza kama marehemu ana mtoto mwingine asiyejulikana. Kimya.

Nilipokuwa darasa la sita, kila malipo ya korosho yakitoka, babu alinipa bahasha nimkabidhi kondakta wa basi la Lindi. Juu yake jina la mwanamke. Aliniambia alimpenda kabla hajamwoa bibi, ukoo ukakataa, na kwamba bibi asijue. Mama yule nilimwona mara moja tu, stendi, akiwa na binti yake mkubwa. Paji la uso la babu, na namna yake ya kusimama mkono kiunoni. Huyo naye ni shangazi yangu, na sijawahi kumwita hivyo.

Nilibaki nimeketi. Ndugu zangu walikuwa wanapekua hema, na mimi nilikuwa juu ya matandiko. Nilijiambia namlinda bibi. Sasa nikisoma sura ya 31 naona nilijilinda mimi, nisiulizwe kwa nini nilinyamaza miaka yote hiyo huku mtu mwingine akikosa fungu lake.

Msimamizi wa mirathi ametuita tena kabla ya salfa kuanza. Bibi yupo, ana akili timamu, na atahudhuria. Sitaki alisikie mbele ya watu. Jumamosi nitakwenda kwake asubuhi, peke yangu, nimwambie habari za zile bahasha. Mniombee.