Mkilwa wa Igombe

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungwa Mei 1990, mwenzangu wa chumbani hakuwa na njia ya kwenda kwao. Kwao ni Kilwa, na miaka ile safari ya kusini wakati wa masika ilikuwa bahati nasibu. Unafika Ndundu, Rufiji imefurika, pantoni haivuki, unalala na magari yaliyokwama topeni. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003. Nikamwambia twende kwetu Mwanza. Akauliza kuna nini huko. Nikamjibu kuna ugali na samaki, hakuuliza tena.

Bumu, posho yetu ya chuo, lilikuwa limekwisha kitambo, kwa hiyo tulipanda treni daraja la tatu. Saranda tulichanga tukanunua kuku mmoja wa watu wanne, wote wa Mlimani, chuoni kwetu, kila mtu na begi la nguo na furushi la vitabu alivyoogopa kuviacha. Tabora mabehewa ya Kigoma yakakatwa, tukaagana na wawili. Kutoka hapo hadi Mwanza Mkilwa alilala, akiamka anauliza tumefika, analala tena.

Nyumbani ni Igombe, ufukweni kabisa. Baba alikuwa na mtumbwi wa dagaa, mama alianika na kuuza. Mama alimpokea mgeni kwa "mwangaluka", naye akajibu "shikamoo mama", wakaelewana. Siku mbili alilishwa kama bwana harusi. Siku ya tatu mama akamwekea ndoo miguuni: "Mgeni siku mbili, baba. Huku kwetu jembe ndiyo hili."

Mkilwa alicheka. Babu yake alikuwa nahodha wa jahazi, na tangu tushuke kwenye treni alikuwa akilitazama ziwa kwa dharau kidogo. Alichota maji kiganjani, akaonja, akatema. "Hata chumvi hayana." Jioni ile akamwomba baba aende naye kuvua. Mwezi ulikuwa haupo, na dagaa huvuliwa gizani ili wafuate taa. Baba akamtazama, akatazama ziwa, akasema sawa.

Nilikwenda nao. Karabai ziliwashwa, zikawa zinavuma juu ya maji, wadudu wa ziwani wakajaa mpaka puani. Ukitazama chini ya mwanga unaona maji yanaanza kumetameta, kwanza hapa na pale, halafu pote. Ndipo upepo ulipokuja. Wimbi la bahari, alinieleza baadaye, linakupandisha na kukushusha kwa heshima. La Ziwa Victoria ni fupi, linapiga, na kabla hujakaa sawa linapiga tena. Mjukuu wa nahodha alishika ukingo wa mtumbwi akatapika, akapumzika, akatapika. Lakini wakati wa kuvuta wavu alisimama akavuta na wenzake, akiacha tu pale alipolazimika kuinama tena nje ya mtumbwi.

Alfajiri tulipofika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, baba alitangaza kwa sauti, kina mama wote wasikie: "Baharia wenu katapika mpaka chakula alichokula Kilwa!" Kuanzia siku hiyo akawa mwana wa Igombe. Mtu asiyetaniwa huko bado ni mgeni.

Hakurudi tena majini. Akajipa kazi ya kuchunga anga. Dagaa wakishaanikwa, adui ni mvua: wakilowa wanapoteza bei, wengine wanaishia kuwa chakula cha kuku. Mkilwa alikaa juu ya jiwe na kitabu chake cha uhasibu, akiona wingu zito anapiga yowe, watu wote wa nyumba mbio kuzoa. Mara nyingine wingu linapita zake, na mama anamwuliza hiyo mvua yake imenyesha wapi.

Kitu alichofanya ambacho sitakisahau ni kaunta buku. Mbele zilikuwa noti za mhadhara wa gharama za uzalishaji. Akaigeuza, akaanzia nyuma, akaandika madeni ya mama. Mama alikuwa akikopesha kwa kichwa, na kichwa kina huruma. "Shangazi wa Kayenze, ndoo mbili, kalipa nusu." "Mwenye kofia, ndoo moja, hajulikani." Jioni wanakaa na kibatari, mama anataja, yeye anaandika, wanabishana kuhusu mwenye kofia. Nimewasikia walimu wakubwa wakifundisha uhasibu pale Mlimani, ila somo la deni lisilolipika nililielewa kwenye mkeka ule.

Chuo kilipofunguliwa tena Januari 1991, mama alitupa gunia la dagaa. Tulilipandisha treni, tukalishusha Dar es Salaam, tukalibeba hadi bwenini. Chumba kikanuka muhula mzima. Jirani wa kulia alilalamika wiki ya kwanza, ya pili akaja na sufuria. Vijana wa Musoma na Bukoba walikuja bila kualikwa, wanakaa vitandani, wanapiga soga mpaka usiku, wanaondoka na gazeti lililofungwa dagaa. Mtu mmoja akaandika kwa chaki mlangoni: MWALONI. Hatukufuta.

Mama alipofariki, Mkilwa alikuja kwa basi na kaunta buku lile ndani ya mfuko wa plastiki. Tulikaa na wadogo zangu tukalisoma nyuma, tukacheka msibani.

Mwaka 2011 chuo kilipotimiza miaka 50, tangu wale wanafunzi 13 wa sheria waanze kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, nilifunga safari nikapanda Mlimani. Nilikuwa nimesimama karibu na Ukumbi wa Nkrumah nikasikia mtu nyuma yangu anapaza sauti: "We Mwaloni! Dagaa wako wapi?" Sikumkumbuka jina, wala yeye langu. Tulikwenda kula pamoja.