Tumboni hamna uzi

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Tanga. Mbele ya baraza alipofanyia kazi kulikuwa na buibui mkubwa aliyetanda kati ya mwembe na paa, na jua la asubuhi likiupiga ule utando, unang'aa dhahabu tupu. Ole wake mtoto atakayeuvunja. "Mwacheni fundi mwenzangu," Baba alikuwa akisema. Nami, kwa kumwona kila siku akipachika bobini kwenye cherehani, nilikua nikiamini kwamba tumboni mwa buibui mna uzi ulioviringishwa, unafunguka tu anapotembea.

Imani hiyo nilifika nayo hadi chuoni, mwaka wa pili wa zoolojia. Sikumwambia mtu, maana ilikuwa ya kitoto, lakini sikuwa na nyingine.

Siku ya kupasua, kila meza ilipewa jike mmoja wa jamii ileile ya pale barazani, aliyelala kwenye friza usiku kucha. (Tukimwita Nephila wakati huo. Mwaka 2019 wataalamu waliwahamishia wengi wa Afrika kwenye Trichonephila, na mimi hadi leo ulimi unateleza.) Nikamlaza chali kwenye maji ya chumvi, chini ya darubini. Mwishoni mwa tumbo zikaonekana spinareti, yaani viungo vya kutolea uzi, jozi tatu, kama vichuchu, na juu yake vibomba vyembamba kuliko unywele. Nikachana ngozi ya tumbo kuitafuta bobini.

Nilikuta vifuko. Vifuko vimebanana na mayai, vingine virefu, vingine vidogo vimejikusanya kama vichane vya zabibu. Kwa pupa nikakitoboa cha kwanza, kikamwaga ute mzito. Uzi hakuna.

"Ulitegemea nini?" mwalimu akauliza. Nikanyamaza.

Akavuta kiti. Wafuma utando wa mviringo kama huyu, alisema, wana aina saba za tezi: ya kamba anayoning'inia, ya kugandisha kamba ukutani, ya kufunga windo, ya gundi, na kadhalika. Kwa kibanio akaigusa ile kubwa iliyobaki nzima. Mkia wake hutengeneza protini, mfuko huitunza ikiwa majimaji mazito, halafu kuna mfereji mrefu uliokunjwa mara mbili, kama herufi S, unaozidi kuwa mwembamba kadiri unavyokaribia spinareti. Humo maji hunyonywa, asidi huongezeka, na protini zilizokuwa zimejikunja hunyooshwa na kupangwa sambamba. Kinachotoka hakirudi tena kuwa ute.

"Na hausukumi," akasema. "Anauvuta kwa mguu, au anajiangusha, uzito wake ndio unaovuta."

Kisha akachovya ncha ya sindano ndani ya ule mfuko, akainyanyua haraka. Ukafuata uzi. Nilizuia pumzi, hata sikuugusa.

Likizo nilipofika nyumbani, sikumaliza hata chai.

"Baba, yule fundi mwenzako hana bobini."

"Kumbe ana nini?"

Nikamweleza: vifuko, ute, mfereji, mguu unaovuta. Alisikiliza huku mguu uko kwenye kanyagio lakini haukanyagi, jambo ambalo kwake lilikuwa heshima kubwa.

"Kwa hiyo uzi anautengeneza papo hapo anaposhona."

"Papo hapo."

"Basi haumkatikii katikati ya mshono." Akafikiri. "Na ule mfuko anaovika mayai, anaushona kwa uzi gani?"

"Huo una tezi zake peke yake. Majike tu wanazo. Dume hana."

Baba akacheka mpaka akavua miwani. Miaka yote ya utoto wangu alihangaika kunifundisha kazi yake, asifanikiwe.

"Ndiyo maana," akasema, "hata kifungo kimekushinda."