Leo nimekandwa spa kwa mara ya kwanza

Nimetoka spa sasa hivi na mabega yangu ni mepesi ajabu.

Kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa. Shingo ilikaza hadi kugeuka ikawa shida.

Kabla ya lolote, mhudumu aliniuliza: Una presha? Una ujauzito? Mafuta gani yanakudhuru? Nimelipenda sana hilo, maana joto kali halifai kila mwili.

Nikaanza na sauna, yaani chumba cha joto. Joto kavu, nyuzi 80 hivi, dakika 10 tu, kisha nje kunywa maji. (Chumba cha mvuke kipo pia, joto lake ni la chini zaidi, ila unyevu umejaa tele.)

Halafu masaji.

Dada aliyenikanda alifika pale shingo inapokutana na fuvu, akabonyeza, akatulia. Hakusugua. Alisubiri tu.

Nikasikia msuli unaachia wenyewe.

Machozi yakanitoka, na sikuwa na huzuni yoyote! Mwili ulikuwa umechoka kuliko nilivyodhani.

Kusinga mwili na huduma ya uso nimeziacha kwa siku nyingine.

Nyie mliowahi kwenda, mlianza na nini? Kuna aliyetokwa machozi kama mimi? Niambieni hapa chini.